Elimu ya usalama iuzwe, lakini cheti kisiuzwe

Mojawapo ya mambo yanayozungumzwa sana siku hizi katika kambi zetu na vituo vya polisi, hasa miongoni mwa wale wanaokaribia kustaafu, ni namna ya kuuza ujuzi kwa njia ya intaneti. Sajini aliyefundisha huduma ya kwanza kwa miaka mingi, inspekta wa zimamoto aliyekagua mabweni na vituo vya petroli, mkufunzi wa madereva wa malori makubwa: wote hawa wamewaona vijana wakiuza masomo ya mapishi na ushonaji kwa simu, wakalipwa kwa simu hiyo hiyo. Nao wanajiuliza kwa nini wasifanye vivyo hivyo kwa masomo ya usalama waliyoyafundisha uwanjani maisha yao yote.

Swali hilo ni la haki. Maoni yangu ni kwamba waruhusiwe, tena wasaidiwe. Lakini upo mpaka mmoja ambao usipochorwa mapema, biashara hii itakuja kuua watu. Anayeuza somo la mapishi akifundisha nusu nusu, wali utaungua na wenye nyumba watalala njaa. Anayeuza somo la kuzima moto akifundisha nusu nusu, bweni litaungua na watoto ndani.

Neno hilo si la kutia chumvi. Hapa Uganda tunaikumbuka Shule ya Msingi ya Budo mwaka 2008. Tunaikumbuka pia Shule ya Wasioona ya Salama, wilayani Mukono, ambako watu 11 waliteketea mwezi Oktoba 2022. Mkasa wa namna hiyo unapotokea, wanaoitwa kwanza ni polisi na askari. Sisi ndio tunaohesabu maiti. Kwa hiyo hatuna budi kuwa wa kwanza kuuliza kama yule matroni au mlinzi wa usiku anayeonyesha karatasi ya mafunzo aliwahi kuushika mtungi wa kuzimia moto kwa mikono yake.

Hazina inayokwenda na mstaafu

Kwanza tuseme kwa nini jambo hili ni jema. Majeshi yetu na polisi wetu ni chuo kikubwa. Kila mwaka wakufunzi hustaafu wakiwa na akili timamu na nguvu za kutosha, nao huondoka na maarifa ambayo fedha za umma ziliyajenga kwa muda mrefu. Wengi huishia kulima tu, na kulima ni kazi ya heshima. Lakini mtu ajuaye namna ya kuizuia damu isimtoke majeruhi wa ajali ya pikipiki ana kitu ambacho kila stendi ya pikipiki nchini inakihitaji.

Aidha, sisi askari tuna jambo ambalo wengine hawana. Tangu enzi za King's African Rifles, lugha ya amri na ya mafunzo katika majeshi ya nchi zetu imekuwa Kiswahili. Katiba yetu, kwa marekebisho ya mwaka 2005, ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Masomo mengi ya usalama yanayouzwa mitandaoni leo yameandikwa kwa Kiingereza kizito, na mifano yake ni ya viwanda vya Ulaya na Marekani. Mkufunzi wetu anaweza kumweleza dereva wa Gulu, fundi wa Goma na mlinzi wa Mwanza kwa maneno yale yale, na wote wakamwelewa.

Soko lipo. Bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima hadi bandari ya Tanga lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo zimo nchini Tanzania. Mahali penye kazi ya namna hiyo pana madereva, wachomeleaji vyuma, walinzi na wapishi, na kila mmoja wao anahitaji kufunzwa usalama wa kazi yake katika lugha anayoielewa. Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi wake maelezo na mafunzo ya usalama. Wenye kuhitaji, basi, si wachache.

Hatua nne za mkufunzi

Hata hivyo, kabla mkufunzi hajaiweka kamera mbele yake na kuanza kuuza, na akumbuke namna alivyofundishwa kufundisha. Kila aliyepitia chuo cha maafisa au kozi ya wakufunzi alikaririshwa hatua nne za somo la ustadi: kueleza, kuonyesha, kuigiza na kuzoeza. Mkufunzi hueleza kitu na sababu yake. Kisha hukionyesha polepole. Kisha mwanafunzi huiga hatua kwa hatua huku mkufunzi akimsahihisha. Mwisho mwanafunzi hujizoeza hadi mkono ufanye wenyewe bila kungoja kichwa.

Tuzipime hatua hizo mbele ya simu, moja baada ya nyingine.

Katika kueleza, simu huweza kumshinda hata mkufunzi hodari. Uwanjani kurutu aliyesimama safu ya nyuma, upepo ukivuma, husikia nusu ya somo na huona haya kuuliza. Katika simu atalirudia somo mara tano, usiku, akiwa kitandani mwake, wala hapana wa kumcheka. Katika kuonyesha pia simu ina faida yake, kwa kuwa kamera husogea karibu na vidole vya mkufunzi kuliko jicho la mwanafunzi wa thelathini katika duara.

Lakini tukifika kwenye kuiga na kuzoeza, simu hunyamaza. Mwanafunzi humwona mkufunzi, mkufunzi hamwoni mwanafunzi. Akishika vibaya, hapana wa kumwambia. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka.

Chukua mfano wa kumfufua mtu ambaye moyo wake umesimama. Kanuni yake huweza kuandikwa katika mstari mmoja: kandamiza katikati ya kifua cha mtu mzima kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na ukiache kifua kiinuke kila baada ya kukandamiza. Mtoto wa shule ataikariri kwa siku moja. Lakini mwambie aliyeikariri apige magoti mbele ya sanamu ya mazoezi, na mara nyingi utaona kwamba anaogopa kukandamiza kwa nguvu, viwiko vyake vimepinda, na baada ya muda mfupi amechoka. Kina cha sentimita 5 hakijulikani kwa macho. Hujulikana kwa mabega.

Ndiyo maana Shirika la Moyo la Marekani, ambalo masomo yake ya ufufuaji yanatumika katika nchi nyingi, limekubali kuifundisha sehemu ya maelezo kwa intaneti, lakini halimpi mwanafunzi cheti cha ufufuaji mpaka apimwe ustadi wake kwa vitendo. Wao wanauza somo mtandaoni, na wanauza sana. Kipimo cha mikono hawakukiacha.

Mtungi wa kuzimia moto ni vivyo hivyo. Mtungi mdogo wa kubebwa kwa mkono humaliza unga wake kwa sekunde chache, aghalabu zisizofika 30. Asiyewahi kuivuta pini yake hupoteza muda huo akihangaika, au huulenga ulimi wa moto badala ya shina lake, na mtungi huisha moto ukiwa bado mbichi. Yote hayo aliyaona katika video, lakini mikono yake haikuwa na habari.

Mifano ya waliotangulia

Hatuhitaji kubuni njia mpya. Umoja wa Mataifa una somo la usalama liitwalo BSAFE ambalo watumishi wake hulisoma kwa intaneti na kupata hati. Somo hilo ni la kichwa: hatari ni zipi, kanuni ni zipi, umpigie nani simu. Kwa wanaopelekwa katika maeneo ya hatari zaidi kuna mafunzo mengine, SSAFE, ambayo hufanyika ana kwa ana, yenye mazoezi ya huduma ya kwanza na ya kupita katika vizuizi vya barabarani. Hati ya somo la kwanza haigeuzwi kuwa ruhusa ya somo la pili.

Majeshi ya Marekani nayo, baada ya waraka uliochapishwa mwaka 1996 juu ya huduma ya majeruhi vitani, yalianza kuwafunza askari wao kushughulikia kwanza vifo vinavyozuilika, hasa kutoka damu mikononi na miguuni. Leo video na vitabu vya mafunzo hayo vinapatikana mtandaoni bila malipo. Pamoja na hayo, askari hahesabiwi kuwa amehitimu mpaka aufunge mkanda wa kuzuia damu mbele ya mkufunzi na kukaguliwa.

Hapo mkufunzi wetu anayetaka kuuza ajifunze jambo la biashara pia. Ikiwa habari zenyewe zinapatikana bure, mnunuzi atalipia nini? Atalipia kueleweshwa katika lugha yake, kwa mifano ya barabara anayopita yeye, na mwalimu wa kumjibu anapouliza. Anayedhani kwamba ataweka video 20 kisha alale huku fedha zikiingia, atakata tamaa upesi.

Atakuwepo wa kusema kwamba nchi ni pana, nauli ni ghali, na mkufunzi hawezi kufika Moroto, Kisoro na Arua kwa wiki moja. Hoja hiyo ina uzito, na jibu lake tunalo karibu, kwa jirani zetu. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya. Mwalimu mkuu alikuwa redio, tena redio haimwoni mwanafunzi hata kidogo. Lakini wasikilizaji, ambao walikuwa kiasi cha milioni 2, hawakuachwa kila mtu peke yake nyumbani kwake. Walikaa katika vikundi, kila kikundi kikiwa na kiongozi aliyefunzwa na kijitabu mkononi. Baada ya kusikiliza walijadiliana, na baada ya kujadiliana waliinuka wakachimba vyoo na kufyeka mazalio ya mbu. Sauti ilitoka mbali, kazi ikafanyika pale pale kijijini.

Simu ya leo ina uwezo kuliko redio ya wakati ule, na njia ni ile ile. Mkufunzi aeleze na kuonyesha kwa intaneti. Katika kila wilaya awepo mstaafu mmoja aliyekaguliwa, mwenye sanamu ya mazoezi, mitungi michache na bendeji, wa kusimamia kuiga na kuzoeza. Mafunzo yaliyohitaji siku tatu za uwanja yatahitaji siku moja, kwa kuwa maelezo yamekwisha kusomwa nyumbani. Hapo gharama inapungua bila ustadi kupungua, na mstaafu wa pili naye amepata riziki.

Yasiyouzwa kabisa

Kuna mambo ambayo si ya kuuzwa kwa njia yoyote. Kazi yangu ya uhusiano wa jeshi na umma hunitaka kila siku nipime lipi la kusemwa na lipi la kunyamaziwa, kwa hiyo hapa nitasema wazi. Matumizi ya silaha, milipuko na namna ya kuitegua, mipango ya ulinzi wa majengo na misafara, pamoja na picha za ndani ya kambi, havina nafasi katika duka la mtandaoni. Video ikishawekwa hairudi. Anayeitazama huweza kuwa mlinzi mwaminifu, na huweza kuwa yule aliyepanga mabomu ya Kampala mwezi Julai 2010 au Novemba 2021.

Kuna pia swali la mali. Wapo wanaodhani kwamba daftari la masomo waliloandika wakiwa kazini ni lao. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2006 inasema kwamba kazi iliyotungwa chini ya maelekezo ya serikali ni ya serikali, isipokuwa kama kulikuwa na mapatano mengine. Maarifa yaliyo kichwani mwako hapana wa kukunyang'anya, lakini kitabu cha mafunzo chenye nembo ya jeshi si chako. Andika somo lako upya, kwa maneno yako na mifano yako. Na aliye bado kazini aombe ruhusa kwa maandishi kabla ya kuuza hata somo moja.

Hata hivyo, makao yetu makuu nayo yasiifanye ruhusa hiyo kuwa mlima. Mkufunzi akipeleka somo la huduma ya kwanza kukaguliwa, lisikae mezani mwaka mzima. Anayenyimwa jibu kwa muda mrefu mwishowe huuza kwa siri, na cha siri hakikaguliwi na mtu.

Nani alipe, na nani apimwe

Sasa tuje kwenye fedha. Naona hatari kwamba mzigo utatupwa juu ya mnyonge. Mlinzi wa kampuni binafsi mwenye mshahara mdogo ataambiwa: nenda ukanunue somo kwa simu yako, kwa fedha zako za intaneti, ulete cheti kesho, la sivyo kazi huna. Tukumbuke kwamba tangu mwaka 2021 matumizi ya intaneti nchini yametozwa ushuru wa asilimia 12. Mlinzi huyo atafanya nini? Atamwomba kijana mmoja amjibie maswali, atalipa, atapata karatasi, na siku ya moto atakimbia. Simlaumu. Namlaumu aliyemtuma.

Sheria imeweka wajibu wa mafunzo juu ya mwajiri. Basi na mwajiri ndiye alipe, na mafunzo yafanyike katika saa za kazi. Mkufunzi mwenye busara atawauzia masomo wenye makampuni, shule na hoteli, kwa kundi zima, badala ya kuwinda shilingi za walinzi mmoja mmoja. Kwa njia hiyo atajua idadi ya wanafunzi wake na mahali walipo, na siku ya uwanja ataipanga bila taabu.

Kuhusu vyeti, napendekeza viwe vya aina mbili, tena vyenye majina na rangi tofauti. Aliyemaliza masomo ya simu apewe hati ya kusoma. Aliyepimwa uwanjani na mkufunzi aliyetia sahihi jina lake apewe cheti cha ustadi. Cheti hicho kiwe na tarehe ya kwisha, kwa kuwa ustadi wa mikono hufifia baada ya miezi michache usipozoezwa. Huko Marekani idara ya usalama kazini, OSHA, ina mafunzo ya saa 10 na ya saa 30 ambayo huweza kusomwa kwa intaneti kwa watoaji walioidhinishwa. Idara hiyo husema waziwazi kwamba kadi ya mafunzo hayo ya utangulizi haitimizi mafunzo maalumu yanayodaiwa na kanuni zake. Zaidi ya hayo, huchapisha hadharani majina ya wakufunzi waliosimamishwa au kufutiwa idhini. Sisi nasi tunaweza kuwa na daftari la namna hiyo, ambalo mwalimu mkuu wa shule yoyote ataweza kulitazama kabla ya kulipa.

Ofisa wa polisi anayekagua kampuni ya ulinzi au bweni la shule asiridhike na karatasi ukutani. Amwite mlinzi mmoja bila kumwonya, ampe mtungi, amwambie: nionyeshe. Ukaguzi wa dakika mbili wa namna hiyo utaondoa vyeti vingi vya uongo sokoni kuliko waraka wa kurasa kumi.

Askari wenzangu, nchi yetu imewekeza ndani yenu maarifa ambayo jamii inayahitaji. Kuyauza kwa bei ya haki baada ya kustaafu si aibu wala si usaliti, na anayewacheka wanaojaribu hajui bei ya shule za watoto wao. Uzeni maelezo, uzeni maonyesho, uzeni muda wenu wa kujibu maswali. Lakini sahihi yenu chini ya cheti isipatikane kwa fedha peke yake. Sahihi hiyo inamwambia mzazi aliyemleta mtoto wake bwenini kwamba mtu fulani alisimama uwanjani, akaitazama mikono ya mlinzi huyu, akaridhika nayo.